Mwalimu wa Taipu na Picha Zilizozidi

Ukijiandikisha kwa Mwalimu, kitu cha kwanza alichokupa hakikuwa kitabu wala kalamu. Kilikuwa kanga. Ulikaa mbele ya mashine, ukaweka mikono juu ya vitufe, halafu yeye akaitandika kanga juu ya mikono yako na vitufe vyote, akakuambia uandike. Wengi tulidhani ni masihara. Dada mmoja kutoka Keko aliondoka siku hiyohiyo, akisema amekuja kusoma kompyuta, hakuja kutawishwa. Sisi tuliobaki tulizoea. Mwalimu alikuwa na maneno yake aliyoyarudia mpaka yakatuingia usingizini: macho ni ya karatasi, vidole vina kazi yao, na mtu anayechungulia vitufe ni sawa na anayechungulia bafu la jirani.

Hatukumwita jina jingine zaidi ya Mwalimu, ukiacha mtu mmoja ambaye nitamfikia. Habari za kuzaliwa kwake sizijui na sikuwahi kuzichimba. Ninachojua ni kwamba alikuwa mpiga chapa katika shirika moja la umma, wakati ule mashirika yalipokuwa yanakufa moja baada ya jingine, naye akapunguzwa kazi pamoja na ghorofa nzima. Alirudi nyumbani kwake Temeke na mashine moja ya taipu, na vidole ambavyo havikukubali kukaa bure. Sebule yake akaifanya shule. Miaka ya tisini ilipokuwa inakaribia kwisha, taipu zilikuwa tatu na kompyuta mbili, na mimi, niliyeingia pale kama mwanafunzi nikiwa msichana wa miaka ishirini na sita, nilikuwa nimebaki kama mwalimu msaidizi, cheo alichonipa yeye mwenyewe ili nisiondoke.

Alifundisha kwa masikio. Alipita nyuma yetu na rula mkononi, akigonga mapigo kwenye kiganja, na mtu akisita kidogo tu yeye alisimama. "Hapo pana kosa," alisema, na kweli ukitazama karatasi unalikuta kosa limekaa palepale. Ukimaliza ukurasa hakuutazama. Alikutaka uusome kwa sauti, herufi kwa herufi pale penye maneno magumu, yeye akiwa amefumba macho kama anasikiliza kaswida. Tulimwogopa kwa hilo. Tuliambizana kwamba mama huyu anayaona makosa hata akiwa jikoni.

Wakati wa mgao wa umeme hakufunga shule. Kompyuta zikizimika, alitutaka tuendelee kuandika kwenye vitufe vilivyokufa, kanga ikiwa juu, na akaendelea kutusahihisha kama kawaida. Mgeni aliyeingia siku moja kuulizia ada alitukuta watu watano gizani tunaandika kwa bidii kwenye mashine zisizowaka. Alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, na hatukumwona tena.

Mkali, lakini mkarimu kwa namna ya ajabu. Sukari aliipima kwa kijiko kilichopinda na hukupata kijiko cha pili, ila binti aliyekuja na njaa alimjua kwa namna alivyoandika, akampeleka jikoni bila kumuuliza kitu. Kikombe chake cha chai kilipaswa kukaa upande wa kulia, shubiri moja kutoka ukutani, na ole wako ukikisogeza. Nilidhani ni mazoea ya ofisini. Wakubwa wa zamani ofisini walikuwaga na mambo hayo.

Sasa nifike kwenye gemu.

Mwalimu alipiga marufuku gemu. Aliyekutwa anacheza karata za kwenye kompyuta aliandika ukurasa mzima wa herufi moja. Lakini kila siku baada ya sala ya alasiri, wanafunzi wakishatawanyika, mwanamke huyuhuyu alijifunga kanga kiunoni, akakaa mbele ya kompyuta ya pili, akafungua gemu ya mashindano ya magari. Alicheza mpaka adhana ya magharibi. Gari lake lilikuwa jekundu siku zote. Niliposema kwa adabu kwamba hii si inapingana na sheria yake, alinijibu kwamba sheria ni ya wanafunzi, na yeye alimaliza kusoma kabla sijazaliwa.

Hiyo kompyuta ya pili ilikuwa na kitu ambacho ya kwanza haikuwa nacho. Mdogo wake anayefanya kazi Dubai alikuja likizo na kadi ya picha, kile kipande kinachoisaidia kompyuta kuchora, ameifunga ndani ya soksi, akaichomeka ndani ya mashine, na tangu siku ile magari yakaacha kwenda kwa kuruka na kuanza kuteleza. Katika pembe ya kioo, juu kushoto, mdogo wake aliacha namba ndogo inayoonyesha kompyuta inachora picha ngapi kwa sekunde moja. Namba ile ilikuwa inacheza kwenye mia, mia na kumi. Kabla ya kadi ilikuwa ishirini na kitu.

Namba ile ndiyo iliyomleta Fundi.

Fundi alitengeneza televisheni na redio katika kibanda kilichotazamana na mlango wetu. Yeye ni Mnyamwezi na Mwalimu ni Mzaramo, kwa hiyo walikuwa watani, na kama unajua utani wa makabila hayo mawili sina haja ya kueleza mengi. Kama hujui, jua tu kwamba mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya watu na huruhusiwi kununa. Anaweza hata kubeba kitu chako mchana kweupe, ukapiga kelele weee, mpaka ukikomboe kwa kuku au soda au chochote atakachotaka. Ukienda kushtaki utachekwa hata na mjumbe. Fundi peke yake ndiye ambaye hakumwita Mwalimu. Alimwita Mtani, na siku akijisikia vizuri alimwita Kipofu, kwa sababu alisema Mzaramo haoni kazi hata ukimwekea miguuni. Yeye mwenyewe alikuwa na miwani mizito yenye mkono mmoja uliofungwa kwa waya wa shaba.

Fundi aliiona ile namba siku aliyokuja kurekebisha swichi ya ukutani, na hakulala. Kesho yake alirudi na hoja. Kioo cha kompyuta ile, alisema, kinajichora upya mara sitini kwa sekunde, si sitini na moja. Yeye ni mtu wa vioo, anavijua toka ndani. Kama kompyuta inatengeneza picha mia na kioo kinaonyesha sitini, hizo arobaini zinakwenda wapi? Zinakwenda kwenye joto, ndiyo maana chumba kinawaka. Tena zina madhara, maana picha mpya ikifika kioo kikiwa katikati ya kuchora ya zamani, juu unaona ya zamani na chini unaona mpya, na taswira inapasuka kwa upana kama karatasi. Alituonyesha mpasuko kwa kidole. Kweli, gari lilipokata kona, nguzo za barabarani zilikatika katikati, nusu ya juu huku, nusu ya chini kule. Dawa yake ni kuwasha ule mpangilio wa gemu unaoilazimisha kadi kukisubiri kioo. Au zaidi ya hapo, kuitoa kadi kabisa, aweke kadi ndogo aliyonayo, na hii kubwa aitafutie mtu anayeihitaji.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Kisha akamuuliza kama anamjua mama anayekaanga maandazi pale kona. Anamjua. Yule mama hakai kumsubiri mteja, alisema Mwalimu, anakaanga mfululizo, na wewe ukifika unapewa lililotoka kwenye karai sasa hivi. Angekaanga moja akaliweka kwenye sahani likusubiri, ungekula lililopoa. Kioo ndiye mteja. Kikija kuchukua picha, kinakuta ya moto. Na aliyegusa kitufe ni mimi, kwa hiyo mimi ndiye ninayejua kama gari limenijibu sasa hivi au limenijibu jana.

Fundi alijibu kwamba kwa mwendo huo anauziwa nusu andazi la moto na nusu lililopoa, kwa sababu picha imepasuka.

"Haijapasuka popote," alisema Mwalimu.

"Mtani, si ile pale?"

"Haijapasuka."

Walibishana hivyo mwaka mzima na zaidi. Ilikuwa burudani ya mtaa. Wauza kahawa walikuja na mabirika yao kukaa barazani kwetu saa za alasiri. Kulikuwa na kundi la Sitini na kundi la Mia, na watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta walitoleana maneno makali juu ya jambo hilo. Mimi nilikuwa wa Sitini kimoyomoyo, maana mpasuko niliuona kwa macho yangu, na nilishangaa mtu mwenye akili kama Mwalimu anavyokana kitu kilicho mbele ya pua yake. Nilisema ni ukaidi. Furaha niliyoipata miaka ile siwezi kuieleza vizuri. Nilikuwa naamka asubuhi nikiwa na hamu ya kusikia leo watasemaje.

Mwishowe wakakubaliana kupimana. Mwalimu atacheza mara kumi. Kila mara, kabla hajakaa, atageukia ukutani, na Fundi atachagua kwa siri: ama kadi ikimbie inavyotaka, ama ikisubiri kioo. Mwalimu atazunguka uwanja nusu tu, kisha aseme ni ipi. Akikosea zaidi ya mara mbili, kadi inatoka. Akipatia, Fundi atafunga mdomo mpaka Ramadhani.

Baraza lilijaa. Fundi akasema lazima ile namba ya pembeni ifichwe, asije mtu akaisoma. Akachukua karatasi, akaandika kitu kwa kalamu nene, akaibandika kwa gundi pembeni mwa kioo juu ya namba. Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Karatasi iliandikwa kwa herufi kubwa: MZARAMO KWENYE NGOMA, KAZI KESHO.

Mwalimu akakaa. Uso wake ulikuwa shubiri moja na nusu kutoka kwenye karatasi ile. Nilisubiri ajibu. Tulisubiri wote, maana huyu mwanamke hakuwahi kuacha tusi la mtani lipite hata likisemwa mtaa wa pili. Hakujibu. Aliweka vidole kwenye mishale, gari jekundu likaondoka, likakata kona mbili, naye akasema, "Hii imesubirishwa." Ilikuwa kweli. Mara ya pili, "Hii imefunguliwa." Kweli. Mara ya tatu, ya nne, ya tano. Alikuwa hasemi kwa kubahatisha, alisema kama mtu anayeonja mchuzi na kukuambia hauna chumvi. Ilipofika ya saba wauza kahawa walikuwa wameacha kumimina. Ilipofika ya kumi kundi la Mia walikuwa wanarukaruka hadi barabarani.

Kumi kwa kumi. Na karatasi hakuisemea neno.

Niligeuka kumtazama Fundi, nikamkuta ananitazama mimi. Hakuwa anacheka. Ndipo nikaelewa, na nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa na yule mwanamke kila siku kwa miaka na yeye Fundi alikuwa ng'ambo ya barabara. Kikombe kisichosogezwa. Kurasa zinazosomwa kwa sauti. Macho yaliyofumbwa. Mpasuko ambao haupo. Mwalimu alikuwa haoni. Alikuwa anaona rangi na vivuli, barabara ya kijivu na kingo nyekundu, kama mtu anayetazama kupitia mvuke wa chungu, na gari alikuwa analiendesha kwa jinsi linavyomjibu mkononi.

Fundi alingoja watu waondoke wote. Akabaki yeye, mimi na Mwalimu, jua likiwa bado juu ya mabati ya jirani.

"Mtani," akasema, "wewe huoni."

Mwalimu akacheka. "Leo ndiyo umegundua? Si ulisema Wazaramo wote hatuoni?"

"Sitanii."

"Mtani asiyetania ni nani sasa?"

Fundi akasogea mezani. Alitoa bisibisi mfukoni, akazima kompyuta ya pili, akafungua ubavu wake, akaichomoa ile kadi na kuishika kwa vidole viwili.

"Nimebeba," akasema. "Ni haki yangu na unajua. Sitaki kuku, sitaki soda. Utaikomboa siku utakayokwenda kutibiwa macho, na si kabla."

Hasira niliyoiona usoni mwa Mwalimu sijaiona tena kwa mtu. Lakini angefanya nini? Mwingine yeyote angemwambia haya angefukuzwa na rula. Kama ningemwambia mimi, nisingerudi pale kesho. Mtani hafukuzwi, mtani hanuniwi, na alichobeba kimebebwa. Fundi akavuka barabara na kadi yake. Mlangoni alinigeukia, akaniambia kwa sauti ya chini ile karatasi nisiibandue.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya. Bila kadi gari lilikwenda kwa kuruka, na Mwalimu aligonga ukuta kila kona. Alijaribu siku tatu, akaacha. Baada ya alasiri alikaa tu, mikono juu ya mapaja. Siku moja alinieleza bila mimi kuuliza. Mtoto wa jicho, yote mawili, miaka minne sasa. Alijificha kwa sababu ya shule.

"Wewe mwanangu ungemleta mdogo wako kwa mwalimu asiyeona anachoandika?" aliniuliza. "Hawa wananisikiliza kwa sababu wanadhani naona kila kitu. Na nikienda huko wakaniharibia, hata hivi vivuli nitavikosa."

Nilimwambia ningemleta mdogo wangu. Nilimwambia pia kwamba wanafunzi wote pale wanaandika wamefunikwa kanga, hakuna hata mmoja anayeona anachofanya, na wanafundishika. Akacheka kidogo, akaniambia nimeanza kuwa na mdomo kama Mnyamwezi.

Alikwenda. Mimi sikuwepo siku hiyo, maana mwezi uleule nilipata kazi ya uchapaji katika ofisi moja Ubungo, kazi ambayo kwa haki ni vidole vyake ndivyo vilivyoipata. Nilisikia kwamba Fundi ndiye aliyempeleka, na kwamba njia nzima walitukanana mpaka abiria wakaomba huruma.

Nilirudi Temeke baada ya miezi kadhaa, Jumamosi moja alasiri. Mlangoni nikasema shikamoo Mwalimu, naye kabla ya kuitikia akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akaanza kutabasamu.

"Marahaba. Hicho kitambaa cha gauni nani kakuchagulia?"

Machozi yalinitoka na sikuyaficha, na yeye akaniambia niache, nitamlowanishia zulia.

Fundi alikuja nyuma yangu na soksi mkononi. Alikuwa ameitunza kadi ndani ya soksi ileile ya Dubai. Akaichomeka bila maneno, akawasha. Mwalimu akavuta kiti, akakaa, na kabla hajagusa kitufe akasimamisha mikono hewani. Alisogeza uso. Alisoma polepole, kwa sauti, kama alivyokuwa akitutaka tusome.

"Mzaramo kwenye ngoma, kazi kesho." Akageuka. "Hii imeandikwa lini?"

"Siku ya mara kumi," akasema Fundi.

Mwalimu akatikisa kichwa. Akanyoosha mkono na kwa wepesi wa mtu aliyepiga chapa maisha yake yote akamvua Fundi miwani usoni, akaitia kwenye pindo la kanga na kuifunga fundo. "Nimebeba," akasema. Kisha akaanza kucheza.

Hakufika mbali. Kwenye kona ya kwanza alisimamisha gari.

"Mbona nguzo imekatika katikati?"

Nilijua huo ndio wakati ambao Fundi aliungoja mwaka mzima na zaidi. Alisogea mbele, akakodoa macho, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Iko wapi?" akasema. "Mie sioni."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ubavu. Akainuka, akamsukumia kiti. "Kaa wewe. Cheza." Fundi akakaa, akapapasa mishale, akaendesha gari jekundu kwa shida, akigusa kingo huku na huku lakini akienda. Mwalimu akainama juu ya bega lake, akabadilisha kitu kwenye gemu, akamwambia aendelee. Fundi akaendelea kona moja, mbili. Akapunguza mwendo. Akageuza kichwa kama mtu aliyesikia kitu nje.

"Umeisubirisha," akasema taratibu. "Imekuwa nzito hii."

"Unaona nini?"

"Sioni kitu. Mkono ndio unaona."

Mwalimu hakumcheka. Alimpigapiga begani mara mbili, akairudisha kadi ikimbie inavyotaka, akaenda jikoni kututengenezea chai. Kwenye chai yangu aliweka vijiko viwili vya sukari, na kikombe chake akakiweka upande wa kushoto, popote tu.